Nilimwambia Asamehe, Nikausahau Mguu Wake

Leo sikuletei mahubiri ya kukufanya upige makofi. Nakuletea kosa langu. Nimeliombea muda mrefu, na nimepata ruhusa ya mama ninayemsimulia, ila jina lake nalihifadhi.

Wengi wenu mnajua mimi ni mtoto wa Imenti, upande wa Nkubu, na kwamba Bwana alinituma huku Mbeere zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hapa kwetu giza likiingia husikii kelele. Utasikia vyura, mbwa wa mbali, na pikapu za muguka zikikimbilia soko, maana muguka ukinyauka ni hasara.

Jioni moja, watu wakitoka ibada ya katikati ya wiki, pikapu moja iliacha barabara kwenye kona ya kinu cha unga ikamgonga mama mmoja wa kanisa letu. Alikuwa pembeni kabisa, tochi mkononi. Paja likavunjika.

Kijiji ni kidogo, mpendwa. Dereva tulimjua. Mwenye gari tulimjua zaidi, maana ndiye aliyetununulia nusu ya mabati ya kanisa.

Baada ya wiki moja mwenye gari alifika hospitalini na wazee wawili, shilingi 30,000 kwenye bahasha, na karatasi iliyosema mama amepokea na hatadai kitu kingine. Niliitwa kuomba. Mama alinitazama akaniuliza, "Pasta, nitie sahihi?"

Nikamwambia, "Mama, samehe. Kisasi ni cha Bwana. Mungu ndiye mlipaji wako."

Akatia sahihi. Walipopeana mikono nikapiga picha, nikaiweka kwenye ukurasa huu huu na maneno matamu kuhusu msamaha. Wengi wenu mliandika Amina. Picha ile nimeifuta.

Sasa sikiliza kilichofuata. Chuma walichomwekea kwenye paja kilitunga usaha. Akapasuliwa mara ya pili. Akauza mbuzi wawili, halafu ng'ombe. Kanisa lilifanya harambee mara moja, likachoka. Mama aliyekuwa analima mtama na pojo kwa mikono yake akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni akiangalia shamba likiota magugu. Binti yake akaacha shule akiwa kidato cha pili. Na mimi Jumapili nilikuwa nafundisha juu ya mavuno.

Mwaka wa nne kijana mmoja wa kanisa, anayefanya kazi mjini, aliniuliza, "Pasta, kwani hamkudai fidia?" Nikaona aibu kusema kwamba sikuwahi kufikiria. Tukampeleka mama kwa wakili pale Embu mjini. Wakili akasoma karatasi za hospitali, akauliza tarehe ya ajali, akaiweka kalamu chini.

Alituambia kwamba nchini Kenya kesi ya majeraha yaliyosababishwa na uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mahakama inaweza kuongeza muda, lakini ni kwa nadra, pale ambapo aliyeumia hakujua mambo muhimu ya tukio lenyewe. Mama alijua gari, alijua dereva, alijua mguu umevunjika. Alichokuwa hajui ni haki yake, na kutojua sheria hakuhesabiwi. Hata ile karatasi, akasema, ingeweza kupingwa mapema, kwa kuwa ilitiwa sahihi na mgonjwa kitandani bila mtu wa kumshauri.

Mtu wa kumshauri alikuwepo, mpendwa. Alikuwa mimi.

Kisha wakili akasema neno lililonichoma zaidi. Sheria ya Kenya inalazimisha kila gari linalotembea barabarani liwe na bima ya kuwalinda watu wengine, watu kama mama huyu anayetembea na tochi. Sheria hiyo imekuwepo tangu enzi za mkoloni. Gari lile lilikuwa na bima. Mwenye gari alikuwa amelipa pesa zile kila mwaka kwa ajili ya siku kama hiyo. Mimi nilidhani namwonea huruma dereva maskini asifilisiwe. Kumbe pesa ya kumtibu mama ilikuwa imeshatengwa mahali fulani, na tukaiacha huko kwa jina la Yesu.

Njiani kurudi, ndani ya matatu, nilimwomba mama msamaha. Alinyamaza mpaka tulipokaribia kushuka. Akasema, "Pasta, yule kijana nilimsamehe usiku ule ule, nikiwa bado kwenye mtaro. Sikuwa natafuta kisasi. Nilikuwa natafuta mguu."

Majuto ni mjukuu. Tangu siku ile nimerudi kwenye Maandiko kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo cha Biblia, na nataka uone nilichokuwa naruka.

Fungua Kutoka 21, mstari wa 18 na 19. Watu wawili wamegombana, mmoja akampiga mwenzake, akalala kitandani, halafu akainuka akatembea kwa fimbo. Torati haisemi basi, ameinuka, yaishe. Inasema aliyempiga atalipa siku alizopoteza bila kazi, na atahakikisha ametibiwa mpaka apone. Mungu wetu alihesabu siku za kibarua za mtu mwenye fimbo! Endelea mpaka mstari wa 29. Ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu, mwenyewe ameonywa na hakumfunga, akiua mtu, mwenye ng'ombe anabeba lawama. Mpendwa, hebu weka pikapu isiyo na breki badala ya ng'ombe, uone kama andiko hilo ni la kale.

Nenda Luka 18. Yesu alipotafuta mfano wa mtu asiyekata tamaa katika maombi, alimchukua mjane anayemsumbua hakimu kuhusu kesi yake. Hakumwambia yule mjane kwamba amekosa upole.

Najua mmoja wenu ameshafungua 1 Wakorintho 6. Vizuri. Paulo anawakemea ndugu wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, na anauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Lakini soma mpaka mstari wa 8. Anamgeukia yule anayedhulumu, naye ni ndugu pia. Na kabla ya hapo anauliza kama hakuna mwenye hekima hata mmoja kanisani wa kuamua. Mwenye hekima aliyekuwepo kwetu angeketi na mwenye gari na kumwambia, "Ndugu, tusaidie tuipate bima yako, mama huyu atibiwe." Mimi nilichukua nusu ya Paulo nikamtwika aliyeumia, na aliyeumiza sikumwambia kitu. Nimejiuliza usiku mwingi kama ni Roho aliyesema kinywani mwangu siku ile, au ni mabati.

Tena kusamehe ni jambo la moyo, nalo unaweza kulimaliza usiku mmoja ukiwa mtaroni. Fidia ni jambo la paja, la karo, la shamba. Unaweza kumsamehe mtu kabisa, ukamwombea, ukamsalimia sokoni, na bado ukasema: haya ni madhara, na lazima yatengenezwe. Zakayo alipookoka hakuridhika kusema pole. Alifungua mfuko.

Sisi wa vijijini tuna jaribu letu. Basi lilipotumbukia kwenye daraja la Nithi tarehe 24 Julai 2022, likitoka Meru kwenda Mombasa, na watu zaidi ya 30 wakafa, nchi nzima ililia nasi. Kamera zilifika, viongozi walifika. Lakini mama akigongwa kwenye barabara ya vumbi saa mbili usiku, anayefika ni wewe na mimi. Utulivu wetu ni mzuri, lakini humfaa sana aliyekosea. Tunaogopa kudai kwa sababu tutakutana kisimani, kwenye matanga, kwenye chama. Tunaambiwa tusiharibu ujirani. Mbona hatumwambii aliyevunja mguu kwamba ndiye aliyeharibu ujirani?

Wazee wetu hawakuwa hivyo. Kule kwetu Meru, Njuri Ncheke walijua kwamba amani bila malipo ni kidonda kilichofunikwa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za wazee, mradi zisivunje haki za mtu. Kwa hiyo kaa na wazee, lakini usikae ukiwa kitandani na dawa kichwani, na usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa na mtu asiye na faida yake humo.

Haya ndiyo ninayofundisha sasa kanisani kwetu, nawe uyaweke moyoni kabla hujayahitaji.

Ukiumizwa barabarani, ajali iripotiwe kituo cha polisi, upate nambari ya OB. Chukua fomu ya P3, ambayo ni ya bure, ijazwe na daktari. Omba abstrakti ya polisi, maana huandikwa nambari ya gari na kampuni ya bima. Tunza kila risiti, hata ya bodaboda iliyokupeleka kliniki. Muone wakili mapema, kwa sababu kampuni ya bima inatakiwa kupewa ilani kabla ya kesi kufunguliwa au muda mfupi baada yake. Na si lazima kwenda Nairobi. Kuna mahakama Siakago, Runyenjes, Embu, Nkubu, Meru na Maua. Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1 kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Uliza ofisi ya usajili ya mahakama kama shauri lako linafaa kupelekwa huko.

Ukiumia kazini, iwe ni machimbo ya mawe au kiwanda cha majani chai, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Mwambie mwajiri ndani ya saa 24 ukiweza, na madai yasipitishe miezi 12. Hapo hulazimiki kuonyesha kwamba mwajiri alizembea.

Na ndugu zangu wa karibu na msitu wa Imenti na Mbuga ya Meru, mnaopishana na ndovu gizani: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na mpaka milioni 2 kwa majeraha mengine. Ripoti kwa KWS na polisi. Malipo hukawia, watu wamesubiri miaka, lakini asiyeripoti hana hata foleni ya kusimama.

Maonyo mawili. Jihadhari na madalali wanaozunguka wodi wakitafuta wagonjwa na kukusainisha kwa wakili usiyemjua. Na wewe mwenyewe usiongope. Usiseme umevunjika ulipochubuka, usimwingize jirani kwenye gari ambalo hakupanda. Mungu anayechukia mizani ya udanganyifu anaitazama na fomu ya P3.

Utaniuliza, mchungaji, na mama yule je? Jumapili moja nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote haya, mwenye mabati akiwa ameketi hapo hapo. Sikumtaja, lakini kijiji ni kidogo. Alitoka nje kabla ya matoleo. Wiki tatu hakuonekana, na mzee mmoja akaniambia nimelipasua kanisa. Wiki ya nne alikuja nyumbani kwangu usiku. Hatukuongea mengi. Sasa analipa gharama za kliniki, kidogo kidogo. Mimi na mke wangu tumechukua karo ya binti. Amerudi shule, anakaa darasa moja na watoto wadogo kwake, na hajalalamika.

Mguu haujarudi ulivyokuwa. Nakuambia ili usidhani huu ni ushuhuda wa muujiza. Mama anatembea kwa fimbo, na kila Jumapili nikimwona anapanda zile ngazi tatu za kanisa nasoma upya Kutoka 21.

Wewe mtumishi mwenzangu unayesoma, ukiitwa kuomba kando ya kitanda cha majeruhi, omba. Halafu uliza tarehe ya ajali, uandike.

Tuombe. Baba, utusamehe sisi wachungaji tuliowaambia waliovunjika wanyamaze. Wape walioumia ujasiri wa kudai kilicho haki bila chuki, na waliowaumiza moyo wa Zakayo. Mkumbuke kila aliye kitandani usiku huu huko Mbeere, Igembe, Tharaka na Imenti. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unamjua mtu aliyeumia na miaka 3 bado haijaisha, mpelekee ujumbe huu leo. Usingoje Jumapili.