Shoo mbili Jumamosi moja, kalenda ashike nani?

Msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) amejikuta na shoo mbili Jumamosi moja. Meneja alimkubalia promota wa Mwanza kwa simu, msanii mwenyewe akakubali harusi ya Dar WhatsApp. Hakuna aliyemwambia mwenzie. Advansi ya Mwanza ikabidi irudishwe, na ilishaliwa kwenye video.

Sasa wanatafuta programu ya kupangia kazi. Meneja alitaka Trello, ile iliyotoka 2011, ya bodi na kadi. Kadi ya shoo inaanzia "Maulizo", inasogezwa "Advansi imeingia", inaishia "Imekwisha". Kwa kupanga video ni tamu, ila madansa wanataka kujua kitu kimoja tu: lini, saa ngapi?

Dada yake msanii, anayeshika hesabu, akaja na Google Calendar. Ipo tangu 2006, ukiwa na akaunti ya Google hulipii, na mwenye kalenda ndiye anaamua nani abadilishe, nani asome kila kitu, na nani aone tu kwamba siku hiyo jamaa yuko bize.

Hapo ndipo pakachimbika. Nani apewe ruhusa ya kubadilisha? Meneja anasema yeye, ndio kazi yake. Msanii anasema jina ni lake.

Dada akawatazama: "Wadogo zangu, aliyerudisha hela ya Mwanza ndiye ashike."

Wote kimya. Hela ile aliitoa yeye.