Kosa Langu la Kalamu Nyekundu

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka zaidi ya thelathini. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Zagayu, nalima pamba na mtama kama wengi wenu. Zamani tulihesabiwa watu wa Bariadi. Tangu 2012 sisi ni wa wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Watu wakinikuta njiani huniita Mwalimu, nami huitika. Lakini leo nataka kuwasimulieni jinsi mimi nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alikuwa kijana wa kidato cha pili.

Ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa katika shule moja ya bweni, mbali kidogo na huku kwetu. Niliwapa wanafunzi insha juu ya mtu wanayemheshimu. Siku zile nilikuwa na desturi moja, nami niliidhani kuwa ndiyo ualimu wenyewe. Niliwaandikia ubaoni mfano wa insha, wenye mwanzo wake, methali zake tatu na mwisho wake, nao wakaufuata. Aliyeufuata sana alipata alama nyingi. Basi madaftari yakaja mezani, karibu yote yakianza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba, na yote yakimsifu rubani au waziri ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona kwa macho.

Daftari moja tu lilikuwa la peke yake. Kijana wa huku kwetu alikuwa ameandika habari za babu yake. Hakuweka jua wala ndege. Alieleza kwamba jioni moja, wakiota moto, babu alimchorea ardhini kwa fimbo mpaka wa ngitili yao. Eneo lile babu alilipata kwa jirani yake mwaka wa njaa, akatoa mtamba mmoja. Mpaka ulianza kwenye mkwaju wenye mzinga wa nyuki, ukaenda hadi kichuguu cha pili, kisha ukashuka na mstari wa minyaa mpaka mtoni. Kijana akataja na wazee waliokuwapo siku ya mapatano. Kurasa nne nzima! Na ndani yake mlikuwa na maneno ya Kisukuma kama sita hivi.

Nikachukua kalamu nyekundu. Kila penye neno ngitili nikalikata, nikaandika "malisho". Wala sikuwaza. Malisho ni mahali popote ng'ombe anapokula; ngitili ni eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yakue, likafunguliwa kiangazi nchi ikiwa imekauka. Hata Serikali, ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, wakati Bariadi ingali katika mkoa wa Shinyanga, ililitumia neno hilo hilo la wazee, na wataalamu wakaliandika vitabuni. Lakini mimi, mtoto wa Usukuma, nililikata.

Chini yake nikaandika: "Hii si insha." Nikampa alama 6 kwa 20. Kisha, Mungu anisamehe, nikaisoma mbele ya darasa ili wenzake wacheke. Walicheka. Kijana aliinamisha kichwa, hakusema neno.

Miaka ikapita. Mwaka 2005 nilikuja likizo, nikamkuta babu yule amekwisha kufariki, na jirani yake vilevile. Watoto wao walikuwa wanagombana juu ya ngitili ile. Kila upande ulionyesha mti wake. Baraza likakaa siku mbili. Mashahidi wa mapatano yale wote walikuwa kaburini. Ndipo mama mmoja akasema, "Mbona mjukuu wake alipata kuyaandika hayo shuleni?"

Kijana akaitwa. Aliponiona akaniamkia kwa heshima: "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika. Wazee wakamwuliza daftari liko wapi. Akanitazama, akajibu bila hasira yo yote, kama mtu anayejibu swali la darasani: "Nilizichana kurasa zile. Mwalimu alisema si insha."

Wasomaji, siku ile nilitamani ardhi inimeze. Baraza liliigawa ngitili katikati, na mkwaju wa nyuki ukaangukia upande wa pili. Nyumba zile mbili zilizokuwa zikisaidiana kupalilia na kuzika, zikakaa miaka miwili bila kuamkiana kisimani. Sisemi kwamba karatasi nne zingemaliza ugomvi wote. Lakini zingewapa wazee mahali pa kuanzia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja wa Ziwa letu hili, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizaliwa 1896, akasoma seminari ya Rubya, ng'ambo ya Ziwa. Aliona vijana wanasahau maisha ya wazee wao: jinsi walivyooana, walivyolima, walivyotibu wagonjwa. Akatiwa moyo na padre mmoja Mkanada, Almas Simard, akaandika hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Haikupata mchapaji, maana wasomaji wa lugha ile walikuwa wachache. Je, aliichana? La. Akaigeuza mwenyewe kuwa ya Kiswahili, akangoja. Ilichapwa 1980, naye akafariki 1981. Miaka 35 mzee yule aliyatunza maandishi yake! Na mwanafunzi wangu nilimvunja moyo kwa dakika moja.

Basi nilibadili mafundisho yangu. Mfano wa ubaoni niliufuta. Niliwaambia wanafunzi: andika kitu ulichokiona kwa macho yako, au ulichokisikia kwa mtu unayemjua. Nenda kwa bibi yako, uliza, kisha andika usiku ule ule kabla hujalala. Neno la nyumbani lisilo na mwenzake katika Kiswahili, liache, ila lieleze mara moja msomaji asipotee. Kisha wenzako wasomee kwa sauti, nao wakuambie wamepotea wapi. Halafu andika tena. Maana insha ni kama shamba la pamba: palizi moja haitoshi. Nami nikawa naandika pamoja nao, wakaona kwamba hata mwalimu hukata maneno yake mwenyewe.

Msidhani ilikuwa kazi rahisi. Miaka kadhaa tuliletewa wanachuo wa ualimu kufanya mazoezi ya kufundisha. Jioni moja niliwaomba waandike ukurasa mmoja tu juu ya jiko la mama. Walikaa muda mrefu, kalamu mkononi. Mwishowe mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mfano wake nitautoa wapi?" Alikuwa na akili nyingi na vyeti vizuri, lakini tangu darasa la kwanza hakuna aliyepata kumwambia kwamba jiko la mama yake ni kitu cha kuandikwa. Sikumcheka. Nilijua ni watu wa namna gani waliomfundisha: watu kama mimi.

Siku hizi mambo yanaanza kubadilika. Tangu 2023 taifa hutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na watunzi wa hadithi na mashairi hupewa heshima mbele ya watu. Ni jambo jema. Lakini tuzo haiwezi kumfikia mtoto ambaye daftari lake limechanwa.

Kwa hiyo, wazazi, nawaombeni mambo machache tu. Mtoto akirudi likizo na kuuliza habari za zamani, msimfukuze kwa kusema ana maneno mengi. Mpeni nafasi ya taa baada ya chakula. Akiandika hadithi, msimwambie kwamba anatunga uongo, msikilizeni kwanza. Na daftari lililoisha msilifanye la kuwashia moto kabla hamjatazama lina nini.

Likizo iliyopita binti wa kidato cha tatu alikuja kwangu na daftari. Ni mtoto wa kijana yule wa ngitili. Aliniuliza zamani tulipeleka pamba mnadani kwa njia gani, nami nikamweleza, naye akaandika. Alipofika kwenye neno moja la Kisukuma akainua kichwa: "Babu, hili nilibadili?"

Nikamwambia, "Liache, mjukuu wangu. Lieleze tu."