Wakati wa Kurina Asali ya Nyumbani

Huko Gasenyi, mjini Bujumbura, mke wa askari aliye lindoni mbali ana mizinga miwili nyuma ya nyumba, na sare za watoto hazijanunuliwa. Je, arine leo? Atazame masega kwanza. Vijumba vilivyo wazi vina asali ya majimaji, ambayo huchachuka chupani, na mnunuzi harudi tena. Nyuki huipepea kwa mbawa hata ikawa nzito, ndipo huifunika kwa nta. Sega lililofunikwa robo tatu na lirinwe jioni, kwa moshi kidogo. Lenye majana, yaani watoto wa nyuki, liachwe. Kama bado, heri akope kwa jirani majuma mawili. Wala asikombe yote: tangu Juni hadi Agosti mvua hukosekana, maua huwa haba, na nyuki wenye njaa huhama.