Abiria wa Dirishani

Ndugu wasomaji, leo naomba niwasimulie habari za basi, na habari za mtu mmoja ambaye kwa miaka arobaini sikuwahi kumtaja kwa yeyote.

Mwishoni mwa Agosti 2023, tozo ya magari yanayochafua hewa ilipanuliwa ikaenea London nzima. Gari langu lilikuwa la dizeli, la zamani, na kila siku ambayo ningeliendesha ningetakiwa kulipa pauni 12.50. Nikapiga hesabu, maana mimi ni mhandisi na hesabu ndiyo kazi yangu, nikaona heri niliuze. Hivyo ndivyo nilivyorudi kwenye basi nikiwa na umri wa miaka hamsini na sita, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kujifungia ndani ya gari, mimi na redio yangu.

Wengi wenu mnaufahamu usafiri wenyewe. Asubuhi mnasimama kituoni, kila mtu na simu yake. Basi la ghorofa linafika, vioo vimeshika ukungu. Unagusisha kadi, mashine inalia, unapita. Sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inakutajia kituo kinachofuata. Watu wamejaa juu na chini, lakini mtu akikohoa nyuma unamsikia ukiwa mbele.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam hatukuzoea basi la namna hiyo. Kwetu basi ni kelele: konda anagonga bati, "sogeeni nyuma, nyuma kuna nafasi", na ukimwambia gari limejaa anakujibu kwamba gari halijai. Lakini nisiwafiche, ukimya wa basi la London niliupenda. Mtu ukitoka kazini umechoka, hutaki kuulizwa jambo. Nilikuwa na kiti changu, cha dirishani, upande wa mlango, safu ya mbele. Nikikipata nafungua simu yangu nasoma magazeti ya nyumbani hadi nifike.

Basi, ilikuwa Novemba 2024, kama saa kumi na moja jioni, giza limekwisha kuingia na manyunyu yanaanguka. Kwenye kituo kimoja akapanda msichana wa miaka kumi na miwili hivi, amevaa koti la shule lililomzidi mikono. Akagusisha kadi, mashine ikatoa ule mlio wa kukataa. Akarudia. Ikakataa tena. Watoto wa umri ule hawalipi nauli ya basi London, ila lazima wawe na kadi yao inayofanya kazi. Akaanza kupekua begi. Nyuma yake foleni inanyeshewa. Akatoa sarafu mkononi, lakini mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Dereva akatikisa kichwa, akamwonyesha mlango. Mtoto akashuka.

Haya yote yalichukua chini ya dakika moja, hatua mbili kutoka nilipokaa. Kwenye pochi yangu mlikuwa na kadi mbili za benki. Moja nilikuwa nimekwisha kuilipia nauli yangu, ya pili ilikuwa imekaa tu. Nauli ilikuwa pauni 1.75. Kilichotakiwa ni kunyanyuka, kuigusisha, na kusema maneno mawili. Nilimwona akishuka, nikainamia simu yangu.

Basi likaondoka. Kabla ya kituo kilichofuata nikabonyeza kengele, nikashuka, nikarudi kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia kama mzee. Nilipofika kituoni hakuwepo. Labda nyumbani kwao palikuwa karibu. Labda kuna mtu alimsaidia. Sikupata kujua. Kibao cha taa kilionyesha basi linalofuata ni la baada ya dakika kumi na nne, nami nikasimama pale dakika zote kumi na nne, nimelowa, nikimkumbuka mtu mwingine.

Mwaka 1983 nilikuwa kidato cha pili, tukiishi Magomeni. Shule yangu ilikuwa mjini. Waliokuwepo wanaikumbuka hali ya usafiri wa wakati ule. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa limezidiwa. Mabasi yalikuwa machache na vipuri havipatikani, na lile Ikarus refu la kujikunja katikati, kumbakumba, likifika kituoni watu wanaingia kwa madirisha. Mwaka huo ndipo serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria, na ndipo likaenea jina la daladala, kutokana na sarafu ya shilingi tano ambayo watu waliiita dala.

Kwa sisi wanafunzi, daladala lilikuwa neema na balaa. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa pungufu ya nauli ya mtu mzima. Konda naye alikuwa na hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye gari kila jioni, kiasi kile kile, gari lijae lisijae, na kinachobaki ndicho chake yeye na dereva. Kwa hiyo kila mwanafunzi aliyepanda alichukua nafasi ya mtu wa nauli kamili, na pengo lile lilitoka mfukoni mwa konda. Leo nikiitazama hesabu ile kama mhandisi, naona wazi kwamba konda hakuwa katili. Alikuwa amewekwa penye mtego. Lakini kwa mtoto aliyesimama Magomeni Mapipa tangu saa kumi na mbili asubuhi, ule ulikuwa mkono tu, umezuia mlango, na sauti inayosema, "Wanafunzi hapana!"

Siku moja ya mtihani magari matatu yaliniacha. La nne lilipokuja, mama mmoja mwenye kapu kubwa, amejitanda khanga, alinishika mkono juu ya kiwiko. Sikumjua. Akamwambia konda, "Huyu mwanangu. Kama hapandi, mimi na kapu langu tunabaki." Konda akamtazama mama, akalitazama kapu, ambalo nalo lilikuwa la kulipiwa, akaondoa mkono. Nikapanda. Yule mama akasimama nami mpaka Fire. Kabla ya kushuka akaniambia, "Chomekea shati, utachapwa." Basi. Hakuniuliza jina, wala sikumshukuru. Nilichomekea shati.

Habari za mama huyu nimezisimulia mara nyingi. Nimezisimulia nilipokuwa mwanafunzi Glasgow, ambako nilishangaa kuona abiria wanamwambia dereva asante wanaposhuka. Nimewasimulia watoto wangu hadi wamechoka. Tukikutana kwenye sherehe zetu za hapa, na mtu akianza kusema watu wa nchi hii hawajali, mimi humtoa mama yule kama shahidi: sisi kwetu mtoto ni wa wote.

Lakini kuna kipande nilikiacha kila mara. Katika gari la tatu siku ile, lile lililoniacha, dirishani alikaa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alinifahamu vizuri, alimfahamu na baba yangu. Macho yetu yalikutana. Alikunjua gazeti lake la Uhuru, akasoma. Gari likaenda.

Kwa nini sikuwahi kumtaja? Nadhani ni kwa sababu aliharibu hadithi. Nilitaka kwetu kuwe kwa yule mama, na huku kuwe kwa wale wa dirishani. Ukweli ni kwamba asubuhi ile ile, njia ile ile, wote wawili walikuwepo. Na jioni ile ya Novemba, nikiwa na simu badala ya gazeti, niligundua kwamba miaka arobaini nimekuwa nikijisifia mama yule, na kumbe ninayefanana naye ni jirani.

Nilimweleza jambo hili rafiki yangu mmoja, Mmombasa, anayeendesha mabasi hapa London. Nilitegemea amlaumu dereva mwenzake. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sikiliza, Injinia. Mie mtoto wa shule humwambia apande. Lakini siku nyengine ushatukanwa mara tatu, na huku redioni unaambiwa uko nyuma ya ratiba. Neno moja la abiria husaidia sana. Zamani basi lilikuwa na konda. Sasa konda ni nyinyi mliokaa."

Nimelifikiria sana neno lake. Hapa London kampuni za mabasi zinafanya kazi kwa mkataba na jiji, na dereva analipwa mshahara. Mtoto akipanda bure, dereva hapungukiwi hata senti. Ile hesabu ya tajiri haipo. Hata Dar es Salaam nilipopanda mwendokasi, ulioanza kazi Mei 2016, niliona nauli inamalizwa kituoni kabla basi halijafika. Sisi wahandisi tunapenda mpango wa namna hiyo: ugomvi wa mlangoni umeondolewa, watu wanapanda upesi. Lakini mashine ya kadi huwezi kuiambia "huyu mwanangu". Ikikataa imekataa. Anayeweza kuambiwa ni binadamu aliye karibu nayo, na binadamu yule naye amewekwa nyuma ya kioo, na saa inamkimbiza. Kwa hiyo wanaobaki ni abiria.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, nami sikutaka yangu yaishie kuwa hadithi nyingine ya kusimulia. Nilinunua kadi ya Oyster, nikaiwekea pauni kumi, nikaitia katika mfuko wa koti, mbali na pochi, ili nisipate kisingizio cha kuitafuta. Miezi minne ilipita bila kazi. Kisha asubuhi moja kijana wa kama miaka kumi na sita alipanda, mashine ikamkataa, nami nikanyanyuka. Niliigusisha kadi nikamwambia dereva, "Yuko pamoja nami." Sauti yangu ilitetemeka kana kwamba naiba. Dereva hakusema kitu. Kijana naye hakusema kitu. Alipita, akapanda ghorofani, spika zake masikioni, hata hakugeuka.

Kwa sekunde chache nilikasirika. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilishuka kituo cha mbele ya Fire bila kusema ahsante, nikawa nawaza mtihani wangu tu.

Ndugu wasomaji, sina mawaidha makubwa. Wengi wetu tumefika umri ambao watoto wa watu wanatupisha viti. Ukipishwa, kaa, na ushukuru. Lakini ukishakaa, usilikunjue gazeti upesi. Tazama kwanza mlangoni kuna nani.