Patasi ya Kumi



Tuliposafiri na mzee wetu mchonga sanamu kwenda Oberammergau, mji wa wachongaji huko Bavaria, Ujerumani, tuliziandika zana zake zote: patasi tisa, tezo na nyundo ya mti. Maafisa wa forodha waliigonga muhuri orodha ile kabla hatujaondoka, ili wakati wa kurudi zana zisidhaniwe kuwa bidhaa mpya na kutozwa ushuru.

Tuliporejea nyumbani, afisa alifungua begi. Patasi zilikuwa kumi; wenyeji wetu walikuwa wamemzawadia mzee moja. Tunakiri, wapendwa, kwamba tulinyamaza. Tulitegemea heshima ya kola ya upadre, tukatumaini kwamba hakuna atakayezihesabu. Mzee ndiye aliyesema: "Mwanangu, hii ya kumi haimo katika orodha. Nimepewa."

Afisa aliigeuza mkononi, kisha akatueleza kwamba zawadi ndogo kama ile ya msafiri haitozwi ushuru. Akatutakia safari njema.

Kumbe tulikuwa tumeficha kitu kisichodaiwa! Ndivyo tunavyokaa mbali na kitubio miezi mingi, tukiogopa deni ambalo Msalabani limekwisha kulipwa. Mungu hahitaji orodha yetu ili ajue yaliyomo. Sisi ndio tunaohitaji kuitamka, ili tuvuke tukiwa wepesi.

Kitubio ni Jumamosi, saa kumi jioni. Nasi wiki hii tutakwenda kupiga magoti kwa padre jirani.

Jumapili njema.