Barua kutoka Milwaukee: Pikipiki ya umeme ikizimika mlimani

Ndugu zangu wa Kilungu,

Mwana wa dada yangu, anayebeba abiria pale Nunguni, ameniuliza swali ambalo najua linawasumbua vijana wengi huko kwetu: auze pikipiki yake ya petroli achukue ya umeme kwa mkopo, au angoje kwanza? Nimeamua kumjibu mbele yenu nyote, maana jibu lenyewe halimhusu yeye peke yake.

Mpwa wangu, umeme haunitishi. Bei ya petroli unaijua kuliko mimi, na unajua kinachobaki mfukoni jioni ukishalipia mafuta. Kampuni ya Roam inaunda pikipiki zake za umeme Nairobi, Ampersand walivuka kutoka Rwanda, na Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme kule Mombasa pamoja na kampuni ya Spiro. Pikipiki hizi zitapanda hadi Kilungu, na mimi natamani zipande. Wasiwasi wangu ni mwingine: siku kampuni itakapogundua kwamba pikipiki iliyokuuzia inaweza kuzimika njiani, itakupataje?

Swali hilo nimelipata katika mji huu ninaoishi. Milwaukee ndiko Harley-Davidson ilikoanzia mwaka 1903, na watu wa hapa huzungumzia pikipiki kama sisi tunavyozungumzia mvua. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilianza kuuza LiveWire, pikipiki yake ya kwanza ya umeme, kwa dola 29,799. Oktoba mwaka huohuo ikasimamisha utengenezaji kwa muda kwa sababu ya hitilafu ya kuchaji. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2020, likazuka jambo zito zaidi. Programu inayosimamia chaja iliyomo ndani ya pikipiki ingeweza kuzima mfumo mzima wa umeme mtu akiwa barabarani, bila kumpa dalili ya kutosha. Pengine pikipiki ingekataa kuwaka tena, au ingewaka kisha izimike punde tu. Kampuni ikaziita zirudi pikipiki 1,012. Mwenye nayo aliipeleka kwa muuzaji, programu ikarekebishwa, na hakulipa hata senti.

Itazameni vizuri idadi hiyo: 1,012 tu, katika nchi nzima ya Marekani. Na hapa Wisconsin, jimbo lenye Milwaukee, pikipiki nyingi ni za starehe. Baridi ikianza hufunikwa turubai na kuwekwa gerejini hadi theluji iyeyuke, na mwenyewe anaendelea na gari lake. Hakuna mtoto anayelala njaa kwa sababu LiveWire ya baba imelala. Hata hivyo kila mwenye nayo ilibidi atafutwe.

Msidhani ni huruma ya kampuni. Ni sheria. Mwaka 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu, Unsafe at Any Speed, kilichowashutumu watengenezaji wa magari kwa kupuuza maisha ya watu, na mwaka uliofuata Bunge la hapa likapitisha sheria ya usalama wa magari. Leo kampuni ikishajua kwamba chombo chake kina kasoro ya usalama, ina siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, kisha ina siku 60 za kuwaandikia wenye vyombo. Barua humfikia hata mnunuzi wa pili au wa tatu, kwa sababu nambari ya chasisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, imefungamana na usajili. Mimi mwenyewe nimewahi kupokea barua ya namna hiyo kuhusu gari langu kuukuu, ambalo nililinunua mkononi mwa mtu. Bahasha ilikuwa na jina langu, na matengenezo yalikuwa ya bure. Tena mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka lalamiko NHTSA, na malalamiko yanayofanana yakikusanyika, maafisa huweza kuanza kuchunguza.

Sasa turudi milimani kwetu. Pikipiki ya petroli mara nyingi ikitaka kuzima hukwambia: hukohoa, hupungua nguvu, nawe unapata nafasi ya kusogea pembeni. Ya umeme inaweza kukatika kimya. Ndani ya betri kuna kifaa cha ulinzi kinachokata umeme betri ikipata joto mno, ikiishiwa chaji, au ikitolewa umeme mwingi kupita uwezo wake. Kifaa hicho ni cha lazima, kwani bila ulinzi betri inaweza kushika moto. Lakini fikiria unapanda kutoka Salama kwenda Nunguni na abiria wawili na gunia la parachichi. Mlima ndio hukamua betri. Volti zinashuka, joto linapanda, na waya uliolegezwa na mitikisiko ya barabara ya vumbi unaachia. Kwenye mpando pikipiki inaanza kurudi nyuma na mzigo wake. Kwenye mteremko, pikipiki nyingi za umeme hutumia mota yenyewe kupunguza mwendo. Msaada huo nao ukikatika ghafla umebaki na breki peke yake, na kando yako matuta ya mashamba yanashuka hadi bondeni. Huenda uliyembeba ni mama mwenye uchungu wa kuzaa, anayewahishwa hospitali ya Kikoko usiku.

Kenya hatukosi sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora, haki ya kupata habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia akiumizwa na kasoro. Wala si kwamba hatujawahi kuondoa bidhaa sokoni. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, ikaagiza ziondolewe madukani. Sisi wa Ukambani tunaijua sumu hiyo kwa uchungu: mwaka 2004 iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Unga, hata hivyo, uko rafuni na afisa anaweza kuufuata. Pikipiki iko njiani, na imeshauzwa mara mbili kwa makubaliano ya karatasi yaliyotiwa sahihi hotelini, huku logbook ikiwa bado na jina la mmiliki wa kwanza au la waliotoa mkopo. Onyo likitolewa leo litamfikia mtu aliyekwisha kuisahau pikipiki hiyo, na wewe uliye juu yake hutajua lolote.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Nyingi za pikipiki hizi za mkopo zina kifaa kinachoonyesha ziliko, na ukichelewesha malipo zinaweza kufungwa kutoka mbali. Kampuni inayoweza kukuona na kukufungia kwa sababu ya deni inaweza pia kukutumia onyo la hatari siku hiyohiyo. Isikubaliwe kusema haikujua pa kukupata.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ukitaka kuchukua ya umeme, chukua. Lakini kabla ya kutia sahihi waulize, na wakujibu kwa maandishi: kasoro ikigunduliwa mtanijulisha vipi, nani atalipia matengenezo, na siku pikipiki iko kwa fundi, mkopo unaendelea kuhesabiwa? Hilo la mwisho usiliache. Mtu anayedaiwa kila siku hawezi kurudisha pikipiki mbovu, ataendelea kuipanda. Na ukinunua mkononi mwa mtu, hamisha umiliki kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya, kabla ya kumaliza kulipa.

Nanyi viongozi wa steji, Nunguni, Kikoko na Salama, nawaomba mfungue daftari mwezi huu. Andikeni nambari ya chasisi na simu ya kila mwanachama. Pikipiki ikizimika njiani, andikeni tarehe, mahali, mzigo uliokuwapo na nambari ya betri iliyokuwa ndani. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa hajui kuendesha. Yakiwa matukio kumi yanayofanana, pelekeni nakala kwa kampuni, nyingine KEBS, na nyingine kwa mwakilishi wenu wa wadi, mdai jibu la maandishi.