Siri Iliyofumbuka Njiani

Kama una flashi mfukoni au mkobani, hebu jiulize: ikianguka ndani ya matatu leo, atakayeiokota atasoma nini? Usiharakishe kujibu kwamba faili zako umezifunga. Huenda ni kweli umezifunga, lakini kufuli likabaki nyumbani mzigo ulipoondoka.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu Kilungu, kaunti ya Makueni. Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Daftari lao siku hizi ni faili ya kompyuta: majina, nambari za vitambulisho na za simu, mikopo, na nani amechelewa kulipa. Mwanawe, mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi, aliifumba faili hiyo katika kompyuta yao ya zamani yenye Windows 7, kisha akainakili kwenye flashi. Mama alipoifikisha katika duka moja la kompyuta mjini Nunguni ili ichapishwe, ilifunguka kama mlango usio na komeo. Kijana wa duka akaisoma, na waliokuwa kwenye foleni wakachungulia. Mahali ambapo kila mtu anamjua mwenzake, deni la mtu likisomwa hadharani, chama chaweza kuvunjika.

"Lakini mama, niliifunga vizuri!" kijana alilalamika. Naam, aliifunga. Kulikoni basi?

Sisi wa Kilungu tunaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama milima yetu. Wazee walichimba mitaro wakitupa udongo upande wa juu, mbinu iitwayo fanya juu, hata miteremko mikali ikawa ngazi za mashamba. Chukulia kwamba diski ni mlima wenyewe. Iko diski ngumu yenye sahani zinazozunguka, iko SSD isiyo na kitu kinachozunguka, na iko flashi. Mfumo wa faili ni yale matuta: ndio unaogawa mlima na kukumbuka kila faili iko wapi. Microsoft ilileta mfumo wa NTFS mwaka 1993. Flashi nyingi, kwa upande wake, huuzwa zikiwa na FAT32 au exFAT ili zisomeke karibu kila mahali.

Kufumba ni jambo la tatu, yaani kugeuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Kijana wetu alitumia mbinu ya EFS, iliyokuja na Windows 2000. Mbinu hii haibandiki neno la siri kwenye faili. Hutegemea NTFS, na ufunguo wake hukaa katika akaunti ya mwenye kompyuta. Kwa maneno mengine, ulinzi ulikuwa wa tuta, haukuwa wa zao. Ukiipeleka faili kwenye flashi ya FAT32 kwa Windows 7, kompyuta hulifumbua fumbo na kuandika maandishi wazi. Huuliza kwanza kama unakubali kunakili bila ulinzi, lakini ni wangapi kati yetu husoma onyo kabla ya kubofya "ndiyo"? Windows 10 iliongezewa uwezo wa kufumba kwenye FAT na exFAT mwaka 2016, lakini kompyuta za zamani bado zimo majumbani.

Tena, hata kama flashi ingekuwa ya NTFS, mama angekwama. Fumbo lingebaki, lakini duka lisingeweza kuifungua faili, kwa kuwa ufunguo uko nyumbani.

Dawa ni kufumba zao lenyewe. Programu kama 7-Zip hufunga faili kwa neno la siri, na fumbo hilo husafiri nayo katika diski yoyote na mfumo wowote. Neno hilo mwambie mhusika kwa mdomo. Usilibandike kwenye flashi. Fumba kabla ya kunakili, kwa maana faili iliyofutwa aghalabu huweza kurudishwa, na kwenye flashi au SSD hata kuandika juu yake si hakika kwamba kutaifuta. Na kumbuka, ukiifungua katika kompyuta ya mtu mwingine, kwake si fumbo tena. Chapisha kwa mtu unayemwamini.

Wala hili si la mabenki peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja kufumba kuwa mojawapo ya njia za kulinda habari za watu. Anayeshika majina ya wenzake ameshika amana.

Basi, msomaji, fanya jaribio dogo. Ichomeke flashi yako katika kompyuta ya ndugu au jirani mwaminifu. Faili ya siri ikifunguka bila kukuuliza neno lolote, jua kwamba hukuwa umeifunga, na kaifumbe upya leo leo.